Je, Umeme Unaweza Kuchukua Nafasi ya Dizeli katika Kuvuta Mizigo na Kazi za Kila Siku?

Maisha ya mkazi wa Kata ya Kabasa yanategemea dizeli kwa namna nyingi. Trekta linalolima shamba la pamba na kuvuta trela la mavuno hutumia dizeli. Lori linalopeleka mazao Mwanza hutumia dizeli, na vivyo hivyo mashine nyingi za kusaga nafaka na pampu za maji. Bei ya mafuta ikipanda, gharama ya kulima, kusaga na kusafirisha hupanda siku hiyo hiyo.

Umeme nao umesambaa vijijini, na vyombo vya usafiri vinavyotumia betri vimeanza kuuzwa nchini. Kikundi cha vijana au cha wanawake kinachojiandaa kuomba mkopo kitajiuliza: je, kinunue chombo cha umeme au cha dizeli? Swali hili linahitaji jibu la makini, kwa sababu mkopo hurejeshwa hata pale chombo kinaposhindwa kazi. Somo hili linaeleza jinsi ya kulifikia jibu hilo.

Nguvu ya kuvuta si tatizo

Wapo wanaodhani kuwa umeme ni dhaifu, unafaa taa na redio tu. Dhana hiyo si sahihi. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, ilhali injini ya dizeli hulazimika kwanza kupandisha mzunguko wake.

Ushahidi upo hapa nchini. Treni ya SGR, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, huvuta mabehewa yaliyojaa abiria kwa umeme. Hata hivyo, treni hiyo haibebi akiba ya umeme wa safari. Waya uliotandazwa juu ya reli huilisha njia nzima. Trekta la shambani halina waya wa kulifuata. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Tatizo ni akiba

Mfano wa hesabu utasaidia. Trekta la nguvu za farasi 50 lina uwezo wa takribani kilowati 37. Likilima kwa wastani wa kilowati 25 kwa saa 8, litahitaji kilowati-saa 200, yaani uniti 200 kama zile za LUKU. Kazi hiyo hufanywa na takribani lita 60 za dizeli, zenye uzito wa kilo 50 hivi. Betri za kuhifadhi uniti 200 huwa na uzito unaozidi tani moja.

Kisha betri hizo lazima zichajiwe. Soketi ya kawaida ya nyumbani inayotoa kilowati 2.5 ingechukua saa 80, yaani zaidi ya siku tatu, kurudisha umeme wa siku moja ya kulima. Msimu wa mvua haumsubiri mkulima kwa siku tatu.

Trela nalo huongeza mzigo. Huko Ulaya, familia huvuta kwa gari karavani, yaani nyumba ndogo za magurudumu za kulala safarini. Majaribio ya huko yameonyesha kuwa gari la umeme likivuta karavani, umbali linaoweza kwenda kwa chaji moja hupungua karibu nusu. Gari la dizeli nalo hula mafuta zaidi linapovuta, lakini tangi lake hujazwa kwa dakika chache katika kituo chochote. Kutoka Bunda hadi Mwanza ni takribani kilomita 150. Dereva mwenye mzigo hawezi kuianza safari hiyo bila kujua atachaji wapi.

Kanuni ya lita moja na uniti nne

Pamoja na upungufu huo, umeme una faida kubwa ya gharama. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takribani uniti 10, lakini injini hugeuza takribani 3 tu kuwa kazi. Nyingine hupotea kama joto kupitia bomba la moshi na rejeta. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Kwa sababu hiyo, hata ukihesabu upotevu wakati wa kuchaji, takribani uniti 4 za umeme hufanya kazi ya lita moja ya dizeli.

Mkazi yeyote anaweza kutumia kanuni hii. Achukue risiti yake ya LUKU, atafute bei ya uniti moja na kuizidisha kwa 4. Jibu alilinganishe na bei ya lita moja ya dizeli kituoni. Tofauti atakayoiona ndiyo akiba yake, kabla ya kuhesabu bei ya chombo na betri.

Kazi zinazofaa kuhamia kwenye umeme

Kazi ya kwanza ni ile isiyohama. Mashine ya kusaga iliyo karibu na nguzo haihitaji betri, bali mota na umeme wa njia tatu. Mwenye mashine anashauriwa asiuze injini yake ya zamani mapema, ili imsaidie umeme unapokatika.

Ya pili ni umwagiliaji. Pampu ya sola husukuma maji mchana na kuyajaza kwenye tangi la juu. Tangi hilo ndilo akiba, bila betri.

Ya tatu ni safari fupi zinazorudi nyumbani kila jioni, kama za bodaboda na guta za mizigo midogo. Mjini Kigali, Rwanda, tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria ni za umeme pekee, na madereva hubadilisha betri vituoni badala ya kusubiri chaji.

Kulima kwa trekta, kuvuta trela zito na safari ndefu za lori bado ni kazi za dizeli, hadi betri zitakapokuwa nyepesi na vituo vya kuchaji vitakapoenea.

Kabla ya kikundi kukopa

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka chombo cha umeme kijiridhishe na mambo haya:

1. Umbali wa kazi kwa siku, ukipimwa chombo kikiwa na mzigo. Namba ya muuzaji mara nyingi ni ya chombo kisicho na mzigo.
2. Aina ya betri. Betri ya risasi na asidi hudumu kwa chaji mia chache tu. Ikichajiwa kila siku inaweza kuchoka ndani ya mwaka mmoja au miwili, pengine kabla mkopo haujaisha. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini hudumu mara kadhaa zaidi.
3. Bei ya betri mpya, ambayo inapaswa kuwekewa akiba tangu mwezi wa kwanza.
4. Fundi na vipuri vinavyopatikana Bunda au Musoma.

Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Ugani wa kata wapo kusaidia kuandaa hesabu hizo kabla ya maombi kuwasilishwa.

Maswali ya kujipima

1. Mashine ya kusaga inayotumia lita 15 za dizeli kwa siku itahitaji takribani uniti ngapi za umeme?
2. Kwa nini treni ya umeme huvuta mzigo mkubwa bila kubeba betri za safari?
3. Kikundi chenu hufanya kazi ipi: isiyohama, inayorudi nyumbani jioni, au inayovuta mchana kutwa mbali na nguzo?