SOMO: KAZI YA BENKI YA MAENDELEO

Ndugu mfanyakazi, kijana wa Jabe aliyesoma uchumi au uhasibu akitafuta kazi, hufikiria kwanza benki za biashara za mjini. Leo tujifunze juu ya benki ya aina nyingine, ambayo ina historia humu humu Bujumbura.

Benki ya maendeleo si mahali pa kuweka mshahara. Hupata fedha kwa serikali wanachama na kwa kukopa katika masoko ya dunia, kisha hukopesha miradi ya miaka mingi: umeme, barabara, viwanda. Mwaka 1985 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilianzisha Benki ya PTA, makao yake yakiwa Bujumbura. Katika machafuko ya miaka ya 1990 shughuli zake zilihamia Nairobi. Tangu 2017 inaitwa TDB.

Kazi kubwa humo ni kupima mradi kabla ya kukopesha. Ukimkopesha jirani, humwuliza atalipa lini na kwa fedha ipi? Ndivyo hivyo.

Chukua mfano. Kiwanda kimekopa dola 10,000, lakini kinauza sabuni kwa faranga. Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani: dola 1 iliyokuwa karibu faranga 2,100 ikafika karibu 2,800. Deni la milioni 21 likawa milioni 28, ingawa kiwanda hakikuongeza mkopo. Nani atabeba hizo milioni 7? Mara nyingi ni mfanyakazi: mshahara hausogei, na wengine huachishwa kazi.

Mpimaji mwenye ujuzi huliona jambo hilo mapema. Mwenye kuuza kahawa ng'ambo hupata dola, aweza kukopa dola. Mwenye kuuza hapa nyumbani heri akopeshwe faranga.

Kijana anayeitaka kazi hii ajifunze hesabu, uhasibu, sheria ya mikataba, Kifaransa na Kiingereza. Asidharau kuanza na daftari za kampuni ndogo. Huko ndiko mtu hujifunza fedha inavyoingia na kutoka.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Je, mwajiri wetu ana deni? Kwa fedha gani?
2. Mauzo yake ni kwa fedha gani?
3. Tutayaulizaje hayo kabla ya kujadili mishahara?