Mipangilio ya Programu ya Java Isomwe Lini?

Programu ya wavuti iliyoandikwa kwa lugha ya Java huhitaji kujua mambo kadhaa kabla ya kufanya kazi: hifadhidata iko katika kompyuta gani, neno la siri ni lipi, na picha zihifadhiwe wapi. Mambo haya huitwa mipangilio. Aghalabu hutofautiana baina ya kompyuta na kompyuta, ilhali programu ni ile ile. Kwa hiyo haifai kuyaandika ndani ya programu, kwani kila aisomaye angeliona neno la siri.

Tangu toleo la kwanza la mwaka 1996, Java ina chombo kiitwacho Properties. Chombo hiki husoma faili ya maandishi yenye jina na thamani katika kila mstari, kwa mfano:

folda.picha=/data/picha

Je, faili hii isomwe lini? Tuchukue programu inayotangaza matokeo ya mtihani. Ikiwa faili husomwa mwanafunzi wa kwanza anapouliza, basi kosa la herufi moja litajitokeza mbele ya mwanafunzi huyo, pengine usiku, fundi akiwa amekwisha ondoka. Isomwapo kila mara mtu aulizapo, muda hupotea bure. Jawabu ni kuisoma mara moja tu, programu inapoanza.

Kwa ajili hiyo, kanuni za seveleti, yaani sehemu za programu zinazojibu maombi, ziliongezewa msikilizaji katika toleo la 2.3 la mwaka 2001. Jina lake ni ServletContextListener. Seva huita amri yake ya contextInitialized kabla ya kuandaa seveleti yoyote. Humo tufuate hatua nne:

1. Tupate mahali ilipo faili. Seva yaweza kuanzishwa kwa -Dmipangilio=/etc/matokeo.properties, nasi tukapasoma kwa System.getProperty.
2. Tuisome faili.
3. Tuhakikishe kila thamani ipo. Ikikosekana hata moja, tutoe hitilafu inayoitaja kwa jina. Katika seva ya Tomcat, programu hiyo haitaanza.
4. Tuziweke thamani katika ServletContext, ambamo seveleti zote zitazipata.

Programu iliyokataa kuanza humsumbua fundi mmoja. Iliyoanza na upungufu huwasumbua watu wengi.

Zoezi: Futa mstari mmoja wa faili, kisha anzisha programu. Je, ujumbe wa hitilafu unautaja mstari uliokosekana?