Bustani ya Kiangazi: Mboga za Kila Wiki kwa Kaya Yako

Masika yanapokoma mwezi Mei, ukanda wetu wa pwani, kuanzia Somanga hadi Lindi, huingia katika miezi ya ukavu. Kunde na maboga ya shambani hukauka, mlenda wa porini huadimika, na mchicha hununuliwa kwa fedha ambayo ingelipia madaftari ya watoto. Hata kaya zenye bustani hupata tatizo lao: wiki moja mboga hufurika hadi nyingine zinaoza, na wiki tatu zinazofuata jikoni hamna kitu. Somo hili linaeleza namna ya kuondoa kasoro hiyo. Mavuno mengi yenye manufaa ni yale yanayoenea kiangazi chote.

Kilimo hiki si kigeni kwetu. Wareno walipoingia Kilwa Kisiwani mwezi Julai 1505, katikati ya kiangazi, waliandika kuwa walikuta machungwa, malimau, figili na vitunguu vidogo, na kwamba bustani zilimwagiliwa kwa maji ya visima. Kisiwa hicho hakina mto. Bustani zilitegemea kisima na mkono wa mchotaji. Nasi tuanzie hapo hapo, kwenye maji.

1. Pima maji kabla ya kupima ardhi

Wakati wa kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga za majani huhitaji takriban lita 5 za maji kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 litahitaji lita 20, yaani ndoo moja kubwa. Kaya yenye uwezo wa kupata ndoo nne kwa siku na ilime matuta manne, si sita. Nusu ya maji imwagwe asubuhi na mapema, nusu jioni.

Maji ya bomba la kijiji ni ya kunywa na kupikia kwanza. Maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe uani, yapelekwe bustanini. Maji ya kisima yenye munyu hudhoofisha miche michanga. Yaonje kwanza, na miche ipewe maji matamu.

Udongo wetu wa kichanga haukai na maji. Kwa hiyo tuta la kiangazi liwe limezama kidogo chini ya usawa wa ardhi, na kila mita mbili zichanganywe debe moja la samadi iliyooza. Miche ikishasimama, tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Upande unakotoka upepo wa kusi, weka wigo wa makuti, kwa maana upepo huo hukausha udongo haraka.

2. Panda kwa zamu

Mchicha huwa tayari kuvunwa baada ya takriban wiki nne. Anayepanda matuta manne kwa siku moja atayavuna yote kwa pamoja, kisha atakaa bila mboga. Badala yake, panda tuta moja kila wiki. Wiki ya tano ng'oa mchicha wa tuta la kwanza, ongeza samadi na upande tena. Kuanzia hapo, kila wiki tuta moja litakuwa tayari.

Tuta la mita nne za mraba lililotunzwa vizuri huweza kutoa kilo 4 za mchicha au zaidi. Hizo hutosha kitoweo cha siku kadhaa, na fungu moja au mawili ya kuuza au kumpelekea jirani. Tuta likishatoa mchicha mara mbili, lipande kunde za majani ili wadudu na magonjwa yasizoee mahali pamoja. Pembezoni panda bamia, na uzichume kila baada ya siku mbili kabla hazijakomaa. Matembele yawekwe pale maji yanapotuama.

3. Kausha ziada

Hata kwa mpango huu, zipo siku mboga zitazidi. Majani ya kunde yaoshwe, yachovywe katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha yaanikwe kwenye kichanja kivulini penye upepo, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi. Jua kali huharibu vitamini A. Majani yakivunjika kwa vidole, yahifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko. Yatafaa mwanzoni mwa mvua mpya, kabla shamba halijaanza kutoa mboga.

4. Muone afisa ugani

Ukiona majani yamejikunja au yana madoa, usikimbilie kununua dawa. Chukua jani lenye ugonjwa umpelekee afisa ugani wa kata au kijiji chako alitambue. Ikiwa dawa ni lazima, muulize ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna, na uzihesabu kwa uaminifu, kwani watakaokula ni watoto wako.

Zoezi

Leo jioni, pamoja na familia, hesabuni ndoo za maji mnazoweza kuzitoa kwa bustani kila siku bila kupunguza ya kunywa. Idadi hiyo ndiyo idadi ya matuta yenu. Wiki hii andaeni tuta la kwanza tu na kulipanda. La pili lisubiri wiki ijayo.