Mathenge: Mti Ulioletwa kwa Heri

Katika mwaka wa 2006 watu wa kabila la Ilchamus, wakaao kando ya ziwa Baringo, waliishtaki Serikali, na miongoni mwa ushahidi wa shauri lao alikuwapo mbuzi asiye na meno. Walieleza kwamba maganda ya mathenge, yaliyo matamu kama sukari, ndiyo yaliyomharibu kinywa.

Asili ya mti huu ni Amerika. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na kuwapatia watu kuni, na kweli kuni zake ni nzuri. Lakini mbegu zake nyingi hazisagiki tumboni mwa mnyama. Hutoka nzima, tena zimekwisha pata samadi, zikaota popote mifugo ipitapo. Hivyo malisho yakazibwa na vichaka vya miiba.

Mwaka wa 2008 Serikali ilitangaza kwamba mathenge ni gugu baya. Maana ya tangazo hilo, kwa sheria ya magugu, ni kwamba mwenye shamba hupaswa kuliondoa katika ardhi yake, wala si hiari yake tena. Basi mtu auziwaye miche yake, akaambiwa ni mti wa kivuli, afahamu kwamba ananunua kazi ya kung'oa. Na kuukata juu juu hakufai, maana kisiki huchipua. Sharti uchimbwe mpaka chini ya ardhi. Maganda nayo yasagwe kabla ya kupewa mifugo, ili mbegu zife.