Somo la wiki: Mjane akipenda tena
Maandiko: Ruthu 1–4

Kabla hujasoma somo hili, fungua Ruthu usome sura zote nne. Ni aya 85 tu, utamaliza kabla chai haijapoa.

Mwezi uliopita dada mmoja wa hapa kanisani (amenikubalia niandike, bila jina) alinisubiri baada ya ibada ya Jumatano. Mumewe alilala katika Bwana miaka mitatu iliyopita. Akanionyesha simu yake. Kuna riwaya ya mapenzi anayoisoma usiku watoto wakishalala: mwanamke amefiwa na mume, analia, halafu anakutana na mwanamume mwingine. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pasta, ni dhambi?" Nikamuuliza anapenda nini humo ndani. Nilidhani atataja yale mnayofikiria. Akasema, "Kuna mtu anamuuliza yule mama amekula nini leo."

Sikuwa na jibu hapo hapo. Nilienda nyumbani nikafungua Ruthu, kwa sababu hiyo nayo ni hadithi ya mwanamke aliyefiwa akapendwa tena. Lakini linganisha. Katika riwaya nyingi za aina hii mume anakufa mwanzoni ili apishe njia, na tukifika katikati hata jina lake limesahaulika. Ndani ya Ruthu, Maloni amekufa kufikia 1:5, na msiba haufichwi. Naomi harudi Bethlehemu na ushuhuda mtamu. Anawaambia wanawake wa mji wamwite Mara, yaani uchungu, na hakuna anayemkemea kwamba hana imani. (Sisi tungemwekea mikono papo hapo, hiyo roho ya uchungu imtoke.)

Halafu anaingia Boazi. Mazungumzo yake ya kwanza na Ruthu, 2:11, anamwambia amesikia mema yote aliyomtendea mama mkwe wake tangu mumewe afe. Siku ya kwanza tu, marehemu ameshatajwa. Saa ya chakula anampa mkate na bisi mpaka anashiba na kubakisha (2:14). Nilipofika hapo nilimkumbuka yule dada na swali lake la chakula.

Sasa, ni nani anayeanzisha mambo ya ndoa? Si Boazi. Ni Naomi, mama yake Maloni. Mama aliyempoteza mwanawe ndiye anayemwambia mkwewe aoge, ajipake mafuta, avae vizuri, aende (3:1-4). Kwetu mara nyingi mama mkwe ndiye wa kwanza kuuliza, "Amemsahau mtoto wangu haraka hivi?" Na kanisa tunafuata hapo nyuma. Siku za matanga tunachanga, tunapika, tunakesha. Baadaye mjane akionekana amepewa lifti na mtu, tunaanza kuhesabu miezi. Lakini mwanamume akifiwa na mke, miezi sita haijaisha tunamuuliza nani anampikia. Hapo hatuko sawa, tuseme ukweli.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo sura ya 4 naipenda sana, mnivumilie. Boazi hafanyi mambo gizani. Anaketi langoni, anaita wazee kumi, anaweka wazi habari za shamba la Elimeleki pamoja na mjane. Ndugu aliye karibu zaidi analitaka shamba. Akisikia kuna Ruthu anapiga hesabu na kujitoa, asije akauharibu urithi wake mwenyewe (4:6), na hakuna anayemlazimisha. Ruthu naye hakugawiwa mtu kama kiti cha marehemu. Alisema haja yake kwa kinywa chake (3:9). Familia inayotaka kumrithi mjane bila kumuuliza isije ikajitetea kwa kitabu hiki.

Kisha, mbele ya watu wote, Boazi anamtaja Ruthu kuwa mke wa Maloni, na kusema anamchukua ili jina la marehemu lisipotee (4:10). Siku ya furaha yake mwenyewe, bwana arusi anamtaja mume wa kwanza kwa jina! Na angalia jambo lingine: kitabu kizima, upendo wa mtu kwa mtu umetajwa mara moja tu, 4:15, nao ni wa Ruthu kwa mama mkwe wake. Ndoa mpya haikukata kamba ile. Mtoto Obedi alilelewa kifuani pa Naomi.

Kwa hivyo dada, hili ndilo jibu langu. Riwaya yenye uchafu unaijua, hiyo ifute. Hiyo nyingine isome, lakini uipime: je, marehemu amebaki na jina? Huyo mwanamume anamruhusu yule mama alie? Na akitokea wa kweli, anaweza kuketi chini ya picha ya baba watoto iliyo ukutani bila kukuomba uitoe? Kama hawezi, ni afadhali ujue sasa. Kama anaweza, mambo ya shamba, nyumba na karo yazungumzwe kabla ya tangazo la ndoa, wazee wakiwepo, kama kule langoni. Ofisi yangu iko wazi kwa hilo, na sitahesabu miezi.

Alhamisi kwenye ushirika wa nyumbani tutasoma sura ya 3 kwa sauti. Mama wakwe, naomba mje kwa wingi. Na msianze kumtafuta yule dada.