SOMO LA AFYA: Kupoza viganja ili mwili usilemewe na joto



Wakati wa jua kali ndio vikundi vyetu huwa na kazi nyingi. Wengine wanachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, wengine wanabeba mawe, na vijana wako uwanjani na mpira alasiri nzima. Mtu akilegea tunasema, "Huyo ni mvivu," ama "Hakula vizuri." Kumbe mara nyingi kilichomlemea ni joto. Leo tujifunze njia moja rahisi ya kuusaidia mwili kupoa.

Joto hili linatoka wapi?

Mwili wenye afya hukaa karibu nyuzi 37. Misuli ikifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumia hugeuka kuwa joto. Ni sehemu ndogo tu inayoinua jembe au kupiga mpira. Joto likizidi, misuli huchoka hata kama mtu amekula akashiba. Likipita nyuzi 40, akili inaweza kuchanganyikiwa na maisha yako hatarini.

Hata wanariadha hodari hushindwa. Mwaka 2019, katika mashindano ya dunia ya riadha kule Doha, nchini Qatar, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa jua. Hata hivyo joto lilipita nyuzi 30 na hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Walianza 68, wakamaliza 40 tu. Mshindi alikuwa Mkenya.

Kwa nini viganja?

Viganja, nyayo na sehemu za uso zina mishipa ya pekee chini ya ngozi. Mwili ukipata moto, mishipa hii hufunguka na kupitisha damu nyingi karibu na nje. Fundi wa magari ataelewa haraka: ni kama rejeta. Damu moto inafika pale, inaacha joto, inarudi ndani ikiwa imepoa.

Wataalamu Craig Heller na Dennis Grahn wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wameichunguza kazi hii miaka mingi. Mwaka 2012 walichapisha matokeo yao: watu waliopozwa kiganja wakati wa kupumzika katikati ya mazoezi waliweza kufanya mazoezi mengi zaidi kuliko waliopumzika tu. Wataalamu wengine walijaribu na hawakuona faida kubwa kwa upande wa nguvu za misuli. Kwa hivyo tusiseme ni dawa ya ushindi. Lakini kwa kupunguza joto la mwili, hata jeshi la wanamaji la Uingereza liliona katika miaka ya 1990 kwamba kuweka mikono ndani ya maji kunasaidia, na maji si lazima yawe baridi sana.

Namna ya kufanya

1. Tafuteni kivuli, karai na maji safi. Maji ya chungu cha udongo yanafaa sana.
2. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni kwanza. Mwenye kidonda mkononi atumie chombo chake.
3. Tumbukiza mikono yote miwili, viganja vikiwa wazi, kwa dakika 3 hadi 5. Ukipumzika kwa muda mrefu, kama dakika 10 au 20, ni bora zaidi.
4. Maji yakipata joto, yabadilisheni. Yale ya kwanza yamwagieni sukuma wiki.
5. Usishike barafu. Baridi kali huifanya mishipa ijifunge, basi joto linabaki ndani. Maji yawe baridi bila kuumiza.

Timu ya mpira ifanye hivyo wakati wa mapumziko na baada ya mchezo. Kikundi cha shamba kifanye kila kinapopumzika.

Mambo ya kukumbuka

Karai halichukui nafasi ya maji ya kunywa, kivuli, wala kuanza kazi mapema asubuhi. Pia lisiwe sababu ya kumlazimisha mtu aendelee wakati mwili wake umekataa. Mama mjamzito, mzee na mgonjwa wa moyo wapumzike mapema kuliko wengine.

Mtu akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka ama kuanguka, hiyo si kazi ya viganja tena. Mpelekeni kivulini, mpunguzeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Aliyezimia msimpe kitu cha kunywa, kwa sababu kinaweza kumpalia.

Maswali ya kujadiliana

1. Kazi gani ya kikundi chetu hufanywa saa za jua kali? Je, tunaweza kubadilisha saa?
2. Nani atakuwa na jukumu la maji na karai siku ya kazi au ya mechi?
3. Mtu akizidiwa na joto leo, gari tutalipata wapi?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kuandika jibu la swali la tatu katika kitabu cha kikundi. Kinga ni bora kuliko tiba, na mwili ni zawadi tuliyopewa na Mungu tuitunze. Kazi njema.