Msafara wa Pikipiki Kuvuka Mpaka: Somo kwa Steji za Arua na Koboko



Katika eneo letu, kusafiri kwa kundi la pikipiki ni jambo la kawaida. Vijana wa steji moja huongozana kwenda soko la Ariwara. Jamaa husindikiza maiti ya ndugu yao hadi ng'ambo. Bwana harusi hufuatwa na pikipiki nyingi zikipiga honi. Koo zetu ziko pande zote za mpaka, wala si kosa kuvuka kwa njia halali. Hata neno bodaboda lilizaliwa mpakani: kule Busia, kati ya Uganda na Kenya, waendesha baiskeli walikuwa wakibeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Lengo la somo hili ni moja: kila steji iweze kupanga msafara ambao idadi ya waliotoka ndiyo idadi ya watakaorudi.

1. Mfano kutoka Asia

Tarehe 14 Aprili 2004, Ewan McGregor na Charley Boorman waliondoka London kwa pikipiki wakielekea New York kwa njia ya mashariki; mpiga picha wao katika safari hiyo alikuwa Claudio von Planta. Walipita Ukraina, Kazakhstan, Mongolia na Siberia, wakafika tarehe 29 Julai, baada ya kilomita zipatazo 30,000.

Hawakufika kwa sababu ya mbio. Kabla ya kuondoka walitumia muda mrefu kujifunza na kukusanya hati. Hata hivyo mpakani mwa Ukraina walikaa saa nyingi kwa ajili ya karatasi za vyombo vyao. Kule Mongolia pikipiki moja iliharibika ikapakiwa kwenye gari, naye mwenzao akapata nyingine ya Kirusi, wakaendelea pamoja. Na huko Siberia, mito ilipojaa, walikubali pikipiki zao zipandishwe kwenye malori. Mambo yaliyowafikisha yanawezekana hata hapa kwetu: maandalizi, kumsubiri mwenzako, na kujua wakati wa kusimama.

2. Kabla ya injini kuwashwa

Msafara uchague kiongozi mmoja na mtu mmoja wa kufunga nyuma. Kiongozi asiwe mwenye mbio kuliko wote, bali mwenye kuijua njia. Anayefunga nyuma awe mzoefu, mwenye zana za kuziba pancha na simu yenye chaji. Mwendeshaji mgeni au mwenye pikipiki dhaifu awekwe wa pili, mara baada ya kiongozi, ili mwendo wa wote upimwe kwa uwezo wake. Akiwekwa mwisho, atalazimika kukimbiza asiachwe, na hapo ndipo ajali huanzia.

Kila mmoja akague breki, tairi, mnyororo na taa. Kofia ngumu ni lazima kwa mwendeshaji na kwa abiria, na abiria ni mmoja tu. Hati zikaguliwe jioni ya kuamkia safari: leseni, kadi ya pikipiki, bima, na hati ya kusafiria inayokubaliwa na uhamiaji wa nchi mnayokwenda.

3. Hesabu ya sekunde 18

Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita zipatazo 92. Uzuri wake huwashawishi wengi kwenda kasi na kushikana mikia. Tufanye hesabu.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde. Nafasi salama kati yako na aliye mbele ni angalau sekunde mbili, yaani mita zipatazo 33. Msafara wa pikipiki kumi una nafasi tisa. Kwa hiyo wa mwisho yuko nyuma ya kiongozi kwa sekunde 18, sawa na mita 300.

Sasa kiongozi analipita lori. Mbele yake ni peupe, anapita salama. Wa kumi atalifikia lori lile baada ya sekunde 18 au zaidi. Katika muda huo, gari linalokuja kwa mwendo uleule limekwisha kusogea mita 300. Njia iliyokuwa wazi kwa wa kwanza yaweza kuwa kaburi kwa wa mwisho. Ndiyo maana twasema: kila mtu apite kwa macho yake mwenyewe, si kwa macho ya aliyemtangulia.

Msafara ukizidi watu sita, ugawanywe makundi mawili, kila moja na kiongozi wake. Msiende sambamba wawili wawili mkipiga soga. Kila mmoja awe mlinzi wa aliye nyuma yake: usipomwona kwenye kioo, punguza mwendo. Penye njia panda, simama mahali salama hadi akuone, ndipo ugeuke. Kwenye barabara ya vumbi ongezeni nafasi, kwa maana vumbi la mwenzako huficha shimo, ng'ombe na mtoto.

4. Upande unapobadilika

Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Kongo wanaendesha kulia, na Sudan Kusini vilevile, kwa kuwa Sudan ilihamia kulia mwaka 1973. Hivyo ukitoka Oraba kuingia Kaya, au ukivuka Vurra kwenda Aru, mkono uliouzoea unakuwa mkono wa hatari.

Wengi hudhani hatari iko palepale kwenye kizuizi. La. Pale mtu yuko macho. Hatari huja baadaye, unapotoka kujaza mafuta, unapoondoka sokoni, au asubuhi barabara ikiwa tupu, kwa kuwa hapo mazoea hukurudisha kushoto bila kujua. Kiongozi asimamishe kundi mara baada ya kuvuka, awakumbushe wote, na arudie maneno hayo kila mnapoondoka baada ya kusimama. Fanyeni vivyo hivyo mkirudi nyumbani.

Kumbukeni pia kwamba mamlaka ya Polisi ya Uganda hukoma mpakani. Namba 999 na 112 ni za upande huu. Ajali ya ng'ambo huamuliwa kwa sheria za huko. Bima yako ya kawaida ya hapa haivuki nawe. Kwa Kongo, ulizeni kampuni ya bima kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA. Kwa Sudan Kusini, ulizeni forodha ya Oraba kinachotakiwa. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, lakini uanachama huo haujaondoa wajibu wa kupita uhamiaji na forodha.

5. Mamba na kenge

Wahenga walisema, katika msafara wa mamba na kenge wamo. Asiyejulikana akiomba kuungana nanyi karibu na mpaka, au akiwaomba mumbebee mfuko uliofungwa, kataeni kwa upole. Mzigo haramu ukikutwa kwa mmoja, msafara wote utasimamishwa na kuhojiwa, hata kama ni msafara wa msiba. Kiongozi aandike majina ya wote na kuacha nakala kwa mwenyekiti wa steji.

Maswali ya kujadili katika steji

1. Katika steji yetu, nani anafaa kufunga msafara, na kwa nini?
2. Mwenzetu akiharibikiwa na pikipiki kilomita kumi ng'ambo ya mpaka jioni, tutafanya nini?
3. Wazazi wa kijana aliye katika msafara wetu wampigie nani simu wakitaka habari?

Steji isiyo na jibu la swali la tatu iahirishe safari mpaka ilipate.